Suruali Tatu za Alexis

Bisha. Nakuruhusu kabisa. Kaa hapo, kunja mikono, cheka mpaka meno yakauke, halafu nikimaliza uniambie kwa mdomo wako mwenyewe kwamba mtu asiye na mwili hawezi kukaa kwenye cherehani saa sita mchana, jua la Oktoba likichoma mabati, akapiga pindo la suruali. Wakubwa kuliko wewe walinibishia. Mmoja alikuwa pasta. Alitoka mbio akaacha Biblia yake juu ya meza ya pasi, na kesho yake hakuja kuichukua, alimtuma mke wake.

Na hii suruali yangu unayoichungulia, iliyoishia juu ya vifundo vya miguu, iache kwanza. Naona unavyojizuia kucheka. Tutaifikia.

Usiniulize pia nimesoma wapi. Shule niliiacha darasa la tano, kwetu Baraka, Kongo, siku mwalimu aliponiambia nirudie mwaka nami nikamwambia arudie yeye, maana ndiye aliyeshindwa kunifundisha. Lakini leta kitambaa uone. Kambi nzima ya wakimbizi ya Dzaleka, hapa Malawi, ongeza Dowa Boma, ongeza na Madisi ukitaka, hakuna mkono unaokata suruali kama mkono wa Cadeau. Cadeau ndiye mimi. Mwaka ule wa 2001 nilikuwa na miaka ishirini, na wasichana waliokwenda bombani walizunguka njia ndefu ili wapite mbele ya atelie yetu. Bisha na hilo.

Ilianza na uzi uliolowa.

Kitu kidogo tu. Atelie ilikuwa ya Mama Ernestine, mwanamke wa Uvira: chumba kimoja cha matofali ya udongo, mashine tatu, meza ya pasi. Mashine ya kwanza ya mama mwenyewe, ya pili tulipokezana mimi na mzee Hubert. Ya tatu ilikaa ukutani, chini ya msumari, na hakuna aliyeigusa. Asubuhi hiyo Arlette, binti yake mama, miaka kumi na tatu na ulimi wa miaka hamsini, alitaka kuifuta vumbi. Akatoa bobini, kile kigurudumu kidogo cha uzi. Akaiminya kwa vidole, na maji yakadondoka.

"Nani amemwaga maji huku?"

"Maji gani?" nikamwambia. "Mi hata kuoga sijaoga."

"Hiyo njo bote tunajua." Njo yetu ni ndiyo yenu, na bote ni wote.

Kumbuka ni Oktoba. Bomba la kambi linatoa maji kama mtu anayejizuia kulia, ndoo zimepangwa foleni tangu alfajiri. Nani ana maji ya kulowesha uzi? Arlette akaipeleka bobini puani, kisha uso wake ukabadilika.

"Cadeau. Inanuka ndakala."

Ndakala ni dagaa wa ziwa letu la Tanganyika. Wamalawi wana dagaa wao, wanawaita usipa, lakini wanaofika sokoni Dowa wamekauka wamekuwa mbao. Harufu hii ilikuwa mbichi. Ilikuwa harufu ya ufukweni, saa ile wavuvi wanaporudi. Nikamwambia aitupe bobini nje. Nilicheka, nadhani. Nilikuwa mtu wa kucheka.

Sasa nikueleze kuhusu msumari.

Vita vilipoingia Uvira, Agosti 1998, Mama Ernestine alikimbia amemshika Arlette mkono, na kichwa cha mashine mgongoni. Mtoto wake wa kwanza, Alexis, miaka kumi na minne, alikuwa Baraka kwa mjomba wake, amekwenda kupitisha likizo. Likizo hiyo haijaisha. Mjomba alipatikana baadaye, kaburini. Alexis hakupatikana popote, si hai, si mfu. Kila lori lililoleta watu wapya Dzaleka, mama alikwenda getini kuwauliza mmoja mmoja: mvulana, ana kovu kwenye nyusi ya kushoto, anapenda kusema, mumemuona? Hata mimi aliniuliza, siku niliyofika mwaka 1999, miguu imevimba. Nikamwambia hapana, mama, mi nilipita nchi kavu, kwa miguu mpaka Kalemie, halafu Zambia. Akasema sawa. Akaniangalia miguu, akanipikia nsima, ugali wa huku, na maharage, na wiki iliyofuata akanikalisha kwenye mashine. Hivyo ndivyo nilivyoingia nyumba ile.

Kilio cha Alexis hakikufanywa. Ukisema neno "marehemu" mbele ya mama, anainuka, anatoka nje. Badala ya kilio, kila mwaka ikikaribia Noeli, alimshonea suruali. Kitambaa kizuri kabisa, mshono wa mara mbili, na ndani ya kiuno mfuko mdogo wa siri ambao yeye tu ndiye aliyejua kuuficha vile. Kila suruali aliiongeza urefu vidole viwili kuliko ya mwaka uliopita, maana mvulana wa umri ule anakua hata akilala. Chini hakupiga pindo. Aliacha wazi, nyuzi zinaning'inia. "Pindo nitapiga akiwa amesimama mbele yangu," alisema. Akaitundika kwenye ule msumari. Oktoba ile zilikuwepo mbili, na ya tatu ilikuwa imekatwa, imeshonwa, bado vifungo.

Halafu kuna kitabu. Kilitoka Mchesi, mtaa wa Lilongwe. Tulikwenda huko kununua vipande vya kitambaa, mimi na mzee Hubert. Hubert alikuwa wa Bukavu, fundi wa kola na mikono ya mashati. Zamani alifundisha Kifaransa, na hata akikutukana alikutukana kwa adabu. Basi muuza vitambaa mmoja alikuwa amekiweka kitabu chini ya mguu wa meza yake iliyokuwa inayumba. Hubert akainama, akasoma mistari miwili, akatafuta jiwe la unene uleule, akalisukuma mahali pa kitabu. "Zikomo," akasema, yaani asante, na tukaondoka nacho. Hakikuwa na jalada. Kilianzia ukurasa wa tisa. Mpaka leo sijui kinaitwaje.

Hubert akawa anatusomea mchana, sisi tunashona. Macho yanasoma Kifaransa, mdomo unatoa Kiswahili. Ilikuwa hadithi ya familia moja ya nchi ya baridi, nyumba iko kando ya ziwa linaloganda likawa jiwe. Familia imeoza ndani. Baba hasemi na mtu. Mabinti wawili hawali kwenye meza moja. Na mama kila jioni anaweka sahani moja ya ziada, ya mtoto wa kiume aliyetoka siku moja kwenda kwenye ziwa lile na hakurudi. Tena yumo kibarua, kijana mgeni aliyefika msimu uleule wa baridi. Anapasua kuni, anakula mezani kwao, anaitwa mwanetu. Kitabu kibaya, nakwambia. Ukikisikiliza, mgongo unapata baridi na nje ni jua kali. Lakini hakuna aliyesema tuache. Mikono ilishona haraka kuliko siku zote.

Tabu ilikuwa majina. Majina ya Kizungu cha mbali, yanakwama kooni. "Batu hawa wananikatia uzi," mama alisema. Basi tukawapa majina yetu, kama tunavyofanya siku zote tukisimuliana filamu. Yule baba bubu tukamwita Kabila la Mawe. Mabinti tukawapa majina ya wanakwaya wawili wasiopendana. Kibarua, Arlette hakungoja hata aulizwe.

"Huyo anayekula sana? Cadeau!"

Wakacheka wote. Mimi pia nikacheka, ndiyo.

Mtoto aliyepotea alibaki "mtoto" kwa siku nyingi. Mpaka mchana mmoja mama akasema, bila kuinua kichwa kwenye mashine yake: "Huyo mumuite Alexis."

Miguu yote ikasimama kwenye pedali. Hubert akavua miwani.

"Ma Ernestine. Dada yangu. Hiki kitabu hakina huruma."

"Muite Alexis, Baba Hubert. Ni miaka mitatu hakuna mtu anamutaja humu ndani isipokuwa mi. Nataka kumusikia akiitwa."

Hapo ndipo tulipokosea. Mtu ambaye hajaliliwa, hujui yuko upande gani, unamchukua jina lake unamvisha mtoto wa kwenye kitabu, halafu unaliita kila mchana, kwa sauti, milango wazi. Ungekuwa wewe usingeitika?

Wiki iliyofuata bobini ikalowa. Nimeshakwambia.

Kisha miwani ya Hubert ikapasuka, akaenda Lilongwe kutafuta nyingine, akakaa kwa mpwa wake Mchesi wiki tatu. Mama akauliza nani atasoma.

"Mi," nikasema.

Arlette akacheka mpaka akakaa chini. Mwache acheke. Darasa la tano la kwetu ni Kifaransa kitupu. Kusoma najua, kuelewa ndiko kunanifuata nyuma polepole kama mbuzi wa kuvutwa. Palipokwama nilitunga. Nilimpa yule baba bubu pikipiki. Nilimwozesha binti mmoja kwa mwanajeshi. Mama alitabasamu kidogo, akasema, "Hubert hasomi hivi." Nikasema Hubert ni mzee, anaruka mambo.

Nikafika ukurasa wa mia moja kumi na mbili. Uliofuata ulikuwa mia moja kumi na tano. Karatasi moja haikuwepo.

"Imepotea wapi?" mama akauliza. "Si Hubert alisema kinakosa mwanzo tu?"

"Hubert miwani yake imepasuka, mama."

Nikaendelea na mia moja kumi na tano.

Kesho yake asubuhi, suruali ya tatu, ile ambayo bado haijawekwa vifungo, ilikuwa imepigwa pindo.

Mama aliishika mkononi akafikiri ni mimi. Alikuja na hasira ya kimya, ile mbaya. "Cadeau, nani alikwambia ushone hii?" Nikamwapia. Akamgeukia Arlette. Arlette akaanza kulia kabla hajaulizwa. Mama akakaa chini, akachukua wembe, akafumua uzi mmoja mmoja, na uzi ulikuwa mbichi, ulimwachia maji kwenye mapaja. Akaitundika.

Kesho yake ilikuwa na pindo tena. Na si hiyo tu, zote tatu. Sasa tazama vizuri, wewe mbishi. Suruali tatu, kila moja na urefu wake, zimening'inia kwenye msumari mmoja, na chini zimeishia mstari mmoja kana kwamba mtu amezikata kwa rula. Mama akachukua futi ya kitambaa, akapima kutoka kiuno hadi pindo. Ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Akarudi kwenye ya kwanza, akapima upya.

"Tisini na mbili," akasema.

"Maana yake nini, mama?" Arlette akauliza kwa sauti ya chini.

"Njo kipimo nilimupima. Siku alienda Baraka."

Nje mtu alikuwa anapita na redio. Mama akakunja ile futi kwenye kidole, akaifungua, akaikunja tena.

Usidhani alikata tamaa hapo. Alifumua siku hiyo, akafumua siku iliyofuata. Alifumua siku tisa. Alikuwa anafumua huku akisema peke yake, kama unavyomsemesha mtoto anayekataa kula: "Hapana, baba. Umekua. Umekua wewe, mi najua." Na kila asubuhi, tisini na mbili.

Siku ya kumi ilikuwa siku ya mgao wa chakula, kambi nzima iko kwenye foleni, majirani wote wameondoka, na kimya kilikuwa kile cha saa sita ambapo hata kuku wanatafuta kivuli. Tulikuwa watatu ndani. Mama alikuwa ameamua kukaa akizitazama zile suruali bila kupepesa. Mimi nilikuwa napiga pasi ya makaa, Arlette amelala kwenye mkeka. Kwanza ikaja harufu, ndakala mbichi na matope na kamba iliyolowa, ikaingia si kwa mlango bali kutoka chini, kwenye sakafu, kama sakafu imekuwa nyembamba; halafu suruali ya tatu ikateleza kutoka kwenye msumari, polepole, haikuanguka, iliteremka jinsi nguo inavyoteremka mtu anapoivua kwa uangalifu asiiharibu, ikajilaza juu ya mashine ya tatu, na gurudumu la mashine likazunguka nusu, likasimama, likazunguka tena, na pedali ikaanza kushuka na kupanda bila mguu, tak, tak, tak, si kwa haraka, kwa ule mwendo wa mtoto anayejifunza kushona na mama yake amemwambia asikimbilie, na mimi nikawa nataka kupiga kelele lakini pasi imenigandia mkononi na ulimi umenigandia mdomoni, nikaona kitambaa kinasogea chini ya sindano, kinakunjwa, kinanyooshwa na kitu ambacho kila kilipogusa kiliacha alama ya maji, alama nne ndogo zilizopangana, na ya tano pembeni, na sakafu chini ya pedali ikaloa, ikaloa, maji yakatambaa mpaka kwenye mkeka yakagusa nywele za Arlette, akaamka, akatazama, akasema neno moja tu, lile ambalo kwetu mdogo humwita kaka yake mkubwa, kwa furaha, Mungu wangu, kwa furaha ya mtoto anayeona mtu mlangoni:

"Yaya!"

Mashine ikanyamaza. Suruali ikabaki pale, imepigwa pindo.

"Mwite tena," mama akanong'ona. "Arlette. Mwite tena."

Arlette alijivuta na mkeka wake mpaka ukutani. "Mama, niko naogopa."

"Mwite tu."

Lakini harufu ilikuwa imekwisha.

Sasa ndipo akaja Pasta Épitace, na waimbaji wawili na sauti ya kutosha uwanja wa mpira. Aliomba mpaka vumbi la matofali likadondoka. Akaliamuru jini la ziwa liseme jina lake. Gurudumu likazunguka mara moja, pole, kama mtu anayegeuza kichwa. Pasta akatazama chini, akaona viatu vyake vimesimama kwenye maji. Biblia iliyobaki nimeshakusimulia.

Hubert alikuwa bado Lilongwe, akatuma neno kwamba Mchesi yuko mwanamke wa Fizi, Mama Madeleine, anauza samaki na anatibu watu wa majini. Tukapanda kabaza hadi barabara ya lami, baiskeli moja mama, nyingine mimi, kisha minibasi. Mama alibeba suruali zote tatu kwenye kitenge. Madeleine alitupokea kwenye uchochoro nyuma ya soko, mikono ina magamba ya samaki. Hakufukiza ubani, hakuomba kuku mweusi. Alizitandaza suruali kwenye gunia, akapitisha kidole kwenye mapindo.

"Nani kakufundisha kushona, mama?"

"Mama yangu."

"Na we ulimufundisha mtoto."

"Kidogo. Pindo tu. Alikuwa anapenda kukaa na mi kwenye mashine."

Madeleine akakunja suruali ya kwanza. "Jini ningemufukuza, dada. Jini linataka damu, linataka marashi, linataka mume. Huyu hataki kitu. Anashona. Mumemuita kwa jina, amekuja, na akikuja anakuta nini? Suruali. Kila mwaka unamwambia akue. Atakua na nini? Mtoto amechoka, mama."

Mama Ernestine hakulia. Aliweka kiganja mdomoni, akakikaza, kama anayezuia kitu kisitoke.

"Basi amekufa," akasema ndani ya kiganja.

"Wee njo umesema. Mi sijasema."

Alipokuwa anatusindikiza, Madeleine alimwambia: "Kitabu mulichofungua, mukimalize. Mumlilie. Muache na urefu wake." Kisha akanitazama mimi. "Kuna na kitu kingine anatafuta pale ndani, lakini hicho hakitoki kwa mama yake." Nikatazama samaki.

Hubert akarudi na sisi, na miwani mpya. Akasoma kurasa za mwisho kwa siku moja, sauti imemkauka. Mwishoni mwa kitabu kile kibaya, yule mama anaiondoa ile sahani mezani, anaiosha, anaifuta, anaiweka kabatini pamoja na nyingine. Basi. Hakuna zaidi. Hubert akafunga kitabu. Mama Ernestine akainuka, akaziteremsha suruali kwenye msumari, akawasha makaa, akayapiga pasi yale mapindo yote, moja moja, kwa upole, kana kwamba mguu umo ndani. Hakufumua tena.

Tukafanya kilio. Mama akanyolewa nywele. Watu wa Uvira na Fizi wakaja, wakakaa kwenye mikeka siku tatu, kwaya ikaimba mpaka Wamalawi wa jirani wakaja na unga wao na vichwa vilivyoinama. Suruali mbili zikazikwa ndani ya sanduku dogo, na msalaba, na jina. Harufu haikurudi ndani ya atelie. Bobini zikakauka.

Ya tatu mama hakuizika. Siku ya mwisho ya matanga aliniita nyuma ya nyumba, kichwa chake kimenyolewa kimekuwa kidogo kama cha mtoto, akafumua lile pindo mbele yangu, mara ya mwisho, akanipa.

"Hii nilikata kwa urefu wa mwanaume. We njo uko na huo urefu. Vaa, mwanangu. Niwe naona inatembea."

Hapa ndipo huwa naishia. Watu huguna, wanasema Cadeau una maneno, na mimi nachukua sifa yangu naondoka. Lakini wewe umekaa mpaka mwisho, hukubisha hata mara moja, na umetazama suruali yangu tena.

Karatasi ile haikupotea. Ilikuwepo. Mia moja kumi na tatu. Niliisoma kwa macho kabla ya kufungua mdomo, na siku hiyo kuelewa hakukunifuata nyuma, kulinitangulia mbio. Kwenye karatasi ile kibarua anasema alikuwa wapi siku mtoto alipotea. Walikuwa pamoja kwenye lile ziwa, barafu ikapasuka. Mama na Arlette walipotoka kuchota maji, niliichana, nikaiweka ndani ya pasi ya makaa. Haikutoa moshi. Ilitoa harufu ya ndakala.

Sikupita nchi kavu. Kalemie sijawahi kuiona. Novemba 1998 nilipanda boti Baraka usiku wa kuamkia Jumapili, watu wamejaa mpaka pembeni, tunaelekea Kigoma. Nilikaa na mvulana ambaye hakunyamaza. Ana kovu kwenye nyusi. Alinionyesha mfuko wa siri ndani ya kiuno cha suruali yake, akasema mama yangu ndiye ameshona hii, hakuna fundi kama mama yangu, ukifika Uvira nitakupeleka. Mjivuni kama mimi. Nilimpenda papo hapo. Alfajiri wimbi likatupindua. Mimi nikapata bidoni, dumu la manjano, tupu, la lita ishirini. Yeye akaifikia akashika mpini. Ikazama na sisi wote wawili, ikaibuka, ikazama. Ingebeba mmoja.

Na siku ile getini, mwanamke alipouliza kuhusu kovu kwenye nyusi, nilijua kabla hajamaliza. Nikasema hapana, mama. Nikala nsima yake miaka yote hii. Aliniita mwanangu na niliitika.

Suruali naivaa kila Jumapili, maana nisipoivaa ananiuliza. Kila Jumamosi jioni nafumua pindo. Kila Jumapili asubuhi limerudi, limelowa, na fundi bora wa Dzaleka anakwenda kanisani vifundo nje, watu wanacheka, na Mama Ernestine kwenye benchi la mbele anageuka, anatazama miguu yangu, anatazama muda mrefu. Hajawahi kuniuliza.

Aliposhika ule mpini nilivifungua vidole vyake. Kimoja kimoja, vinne, na cha tano. Hakupiga kelele, hakunitukana. Aliniuliza tu, taratibu, kama mtu anayeomba nafasi kwenye benchi:

"Yaya, mi nishike wapi?"